Shukrani Itangulie Krismasi: Mwongozo kwa Nyumba ya Kitete

Novemba ikiingia Tabora, maembe ya kwanza yanaanza kudondoka uani, mawingu yanajikusanya jioni, na kila familia inayolima inaanza kuigawa fedha ileile mara tatu: mbegu na mbolea, Krismasi, na Januari ya shule. Mkazi wa Kitete, hata akiwa mtumishi wa ofisini, mara nyingi ana shamba Uyui au Sikonge, au ana ndugu huko anayemtazamia. Kwa hiyo Krismasi ya kwetu haiji wakati wa mapumziko. Inakuja mahindi yakiwa yanaota na tumbaku ikihamishwa kutoka kitaluni, wakati ghala la mwaka jana limeshaonyesha sakafu.

Mwongozo huu ni wa familia inayotaka kufanya shukrani ya nyumbani na kuiandaa nyumba kwa Noeli bila kuivunja hesabu ya shamba wala ya shule. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: shukrani itangulie, ifanyike kabla ya Majilio, na hiyo ndiyo iamue Krismasi yako iwe kubwa kiasi gani. Wengi hufanya kinyume. Husherehekea kwanza, kisha mkesha wa mwaka mpya wanakwenda kushukuru wakiwa na deni dukani.

Chagua siku

Makanisani, sikukuu ya mavuno kwa kawaida hufuata mavuno ya katikati ya mwaka. Watu huleta mahindi, karanga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha mnada unaanza. Yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa madhabahuni, likanunuliwa tena na tena. Hiyo ni shukrani ya usharika au ya parokia. Ya nyumbani ni nyingine, na siku yake unaipanga mwenyewe.

Panga Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Majilio huanza Jumapili iliyo kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na kwa Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian hicho ni kipindi cha kungoja, si cha karamu. Ukimaliza karamu ya shukrani kabla yake, Desemba inabaki na utulivu wake.

Kama mna ndugu Marekani, siku hiyo inawafaa nao. Huko Siku ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba; Rais Abraham Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, na Bunge lao likaiweka kwenye sheria mwaka 1941. Jumamosi inayofuata Alhamisi hiyo daima huangukia kabla ya Majilio, na wengi wao bado wako nyumbani. Saa tisa alasiri ya Tabora, New York ni saa moja asubuhi. Wapigieni kwa video kabla ya chakula, shangazi aliye huko aombe pamoja nanyi, asiletewe picha tu jioni.

Kurudi nyumbani majira haya si jambo la juzi. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe, eneo hili la Tabora, na pwani walipenda kusafiri kiangazi, na wengi walihesabu safari zao ili wawe nyumbani mvua zikianza, waweze kulima. Mwanao anayekata tiketi ya basi Dar es Salaam mwezi wa Desemba anafuata njia hiyohiyo. Mwambie tu aikate mapema, na mfukoni abaki na nauli ya kurudia.

Daftari la shukrani

Wiki moja kabla, kaeni usiku baada ya chakula. Mtu mwenye mwandiko mzuri ashike daftari. Kila aliyepo, kuanzia bibi hadi mtoto wa darasa la kwanza, ataje jambo moja alilopewa mwaka huu. Msiridhike na "tunashukuru kwa uhai". Tajeni: mjukuu aliyezaliwa, matokeo ya darasa la saba, magunia yaliyopatikana, baba mdogo aliyefanyiwa upasuaji akapona, kesi ya kiwanja iliyoisha.

Kisha geuzeni ukurasa, na hapa ndipo penye kazi. Andikeni watu. Nani aliamka usiku na bodaboda kumpeleka mama hospitali? Nani alichimba kaburi mlipofiwa mwezi wa tano, akaondoka bila kula? Nani aliwakopesha debe la mahindi, na je, debe hilo lilirudishwa? Shukrani isiyolipa deni haijakamilika. Kama deni linalipika, lilipeni kabla ya Jumamosi hiyo. Kama halilipiki, mzee wa nyumba aende mwenyewe, abishe hodi, aombe muda. Aliyewakopesha atakuja kwenye shukrani yenu akiwa na moyo mweupe.

Majina ya ukurasa huo wa pili ndiyo orodha ya wageni wenu. Wengine wataongezeka wenyewe.

Kama mnataka padre au mchungaji, pitieni kwa mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa kanisa, tena mapema, kwa sababu mwisho wa mwaka ratiba zao hujaa ndoa na kipaimara. Akikosekana, katekista au mzee wa kanisa aongoze sala. Shukrani haipungui kwa hilo. Ibada ianze saa nane mchana. Mvua za Tabora hupenda alasiri na jioni, na wageni wenye watoto wanahitaji kufika makwao mapema. Turubai likodisheni hata kama asubuhi anga ni jeupe.

Chakula cha shukrani

Chakula cha siku hii kitoke kwenye kile mlichovuna. Pilau isubiri tarehe 25. Shukrani ya Unyamwezi ina vyakula vyake: ugali, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) zilizoungwa kwa karanga, kuku wa kienyeji, matobolwa ya kutafuna na chai, asali ya miombo mezani, na michembe.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa. Vijana waliokulia mjini wengi hawajui kuipika michembe, basi nieleze. Chagua vipande vyeupe visivyo na ukungu, osha maji mawili au matatu mpaka vumbi liishe, kisha loweka kwa saa moja. Chemsha kwa moto wa wastani, maji yafunike tu. Vikianza kulainika bila kuvurugika, saga au twanga karanga zilizokaangwa kidogo, kikombe kimoja kwa kila vikombe vinne vya michembe, zikoroge na maji ya uvuguvugu, umimine. Weka chumvi. Punguza moto, na usiache kugeuza kutoka chini, maana karanga hushika sufuria upesi. Ikitoa mafuta juu, epua. Wazee wataijua kwa harufu kabla hujafunua.

Uyoga nao hutoka mvua za kwanza, na ni mtamu sana. Ununue kwa mama unayemfahamu, anayeuokota miaka yote. Usiwatume watoto kuokota, wala usipike uyoga ambao hakuna mtu mzima nyumbani anayeutambua.

Kama mnachinja mbuzi, mwombeni jirani Mwislamu achinje. Tabora ni mji uliokuzwa na misafara. Misikiti na makanisa yake yanasikilizana kengele na adhana, na hakuna mtaa wa Kitete usio na majirani wa dini zote mbili. Nyama iliyochinjwa na Mwislamu italiwa na kila aliyealikwa, na huyo mzee mliyemwita kuchinja atakuwa amehusika na shukrani yenu tangu asubuhi. Mwiteni pia mkaguzi wa nyama kutoka ofisi ya mifugo. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hata kama ni jana usiku tu, hafai mezani. Kimeta hakina huruma.

Nyumba: anzeni na paa

Sasa tuingie kwenye maandalizi ya Krismasi. Watu hukimbilia mapambo, lakini nyumba ya Tabora huandaliwa kuanzia juu. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na Krismasi iko katikati ya mvua hizo. Bati linalovuja halifunikwi na pambo lolote.

Mvua ya kwanza ikinyesha, ingieni ndani wote, kila mtu na chumba chake, mweke alama kwa chaki sakafuni palipo na tone. Siku inayofuata jua likiwaka, fundi apande. Mara nyingi tatizo ni msumari uliolegea au raba yake iliyokauka. Abadilishe, na matundu madogo ayazibe kwa lami. Wakati yuko juu, achunguze kenchi na papi kama zina mchwa. Ukiona mrija wa udongo unaopanda ukutani, usiupanguse tu, fuata unakoelekea. Mfereji wa bati nao usafishwe majani ya mwembe kabla maji hayajaanza kuingia kwenye tangi. Maji ya mvua ya kwanza yaacheni yamwagike, yameosha vumbi la kiangazi chote.

Kuta zipakwe chokaa kukiwa bado na siku mbili za jua mfululizo. Loweka chokaa usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza chumvi kidogo ili isishike kwenye nguo za wageni. Paka tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito. Anayepaka afunike macho, na watoto wakae mbali na ndoo, maana chokaa huunguza.

Taji, pango na nyota

Hapa ndipo watoto wanapoingia kazini, na ndipo ningependa familia itumie muda zaidi kuliko fedha.

Taji la Majilio lina mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Jumapili ya tatu. Msinunue. Tabora ina nta ya nyuki, na mshumaa wa nta hunukia kuliko wowote wa dukani. Rangi yake ya asili inatosha, na utepe wa zambarau au waridi utafungwa chini. Weka nta kwenye sufuria ndogo, sufuria hiyo uiweke ndani ya nyingine yenye maji yanayochemka. Usiiweke nta motoni moja kwa moja, itashika moto. Ikiyeyuka, ichuje kwa kitambaa. Chukua uzi wa pamba uliosokotwa, uchovye, utoe, usubiri upoe, unyooshe kwa vidole, uchovye tena. Mshumaa unanenepa kidogo kidogo kila unapochovya. Mtu mzima ashike sufuria; mtoto mkubwa ashike uzi. Fanyeni hivyo Ijumaa, na Jumapili mshumaa wa kwanza utakuwa tayari kuwashwa juu ya sinia la bati, mbali na pazia.

Pango ndilo lililo karibu zaidi na sisi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake kule Greccio mwaka 1223, alimleta ng'ombe na punda wa kweli, wanyama ambao mtoto wa Tabora anawaona njiani kila siku. Basi jengeni pango la nyumbani kwa umbo la tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Kabla ya kujenga, wapelekeni watoto Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Waangalie milango ilivyo, ua ulivyokaa katikati, miti inavyobeba udongo wa paa. Wakirudi watajua wanachojenga, na somo la historia wamelipata bila kufundishwa.

Udongo mzuri ni wa kichuguu. Uponde, toa mawe na mizizi, kanda na maji mpaka ushikane, ulaze usiku mmoja ndani ya gunia bichi. Kila mtoto afinyange sanamu zake: Yosefu, Mariamu, wachungaji, ng'ombe wenye pembe ndefu. Zikaushwe kivulini kwa siku tatu au nne, juani zitapasuka. Sanamu za mtoto wa miaka mitano hazitafanana na mtu, na zikae pangoni hivyohivyo. Mtoto Yesu awekwe usiku wa tarehe 24, na amweke mdogo kuliko wote nyumbani.

Nyota ni ya mlangoni. Wamoravian, ambao kanisa lao liko magharibi mwa Tanzania tangu walipopokea kituo cha Urambo mwaka 1898, wana desturi ya kale huko Herrnhut, Ujerumani, ya kutundika nyota ya karatasi yenye ncha nyingi wakati wa Majilio. Ile ni ngumu kidogo. Hii hapa inawezekana kwa kila nyumba. Kata fito kumi nyembamba za mwanzi zenye urefu sawa. Funga tano kwa uzi ziwe nyota ya ncha tano, na tano nyingine vivyo hivyo. Zilaze moja juu ya nyingine, funga ncha zote tano pamoja. Kisha ingiza vijiti vifupi, urefu wa kidole, katikati pale fito zinapokatana, ili nyota mbili ziachane na tumbo litune. Bandika karatasi nyeupe au za rangi kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo. Ndani weka taa ndogo ya betri au ya sola, kamwe si mshumaa. Itundikwe barazani, upande usiopigwa na mvua.

Na mti? Tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga linatosha. Ukiwa na mkrismasi ule wa maua mekundu nje, uache mtini ulivyo. Ukiukata maua yananyauka kabla ya misa ya usiku.

Wageni na mifugo

Hesabuni vyandarua kabla ya magodoro. Mvua ni majira ya mbu, na mjukuu anayetoka sehemu isiyo na malaria nyingi huugua upesi. Mwageni maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi. Usiku wa baridi ya mvua, jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba cha kulala hata kama limeshafifia. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua familia nzima usingizini.

Kuku wa Krismasi anaanza kuandaliwa Novemba. Mdondo hupenda mwisho wa kiangazi, na kuku wakiugua mwanzoni mwa Desemba hakuna tena cha kufanya. Mwone mtaalamu wa mifugo upate chanjo ya I-2: tone moja jichoni kwa kila kuku mzima wa afya, na irudiwe kila miezi 3. Kuku ambaye tayari ni mgonjwa hachanjwi. Kuku unaowanunua sokoni watenge na wako kwa wiki mbili. Bei zao hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, kwa hiyo kununua mapema na kuwalisha pumba kuna nafuu.

Kwa pilau ya watu 20, mchele kilo 4 wa Igunga au Nzega na nyama kilo 3 zinatosha. Badala ya kreti za soda, kamueni maembe. Desemba yanaoza chini ya miti mji mzima.

Wodini Kitete

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko mtaani kwetu, na ndani yake kuna watu wa Kaliua, Urambo na Sikonge ambao Krismasi itawakuta mbali na kwao. Familia moja inaweza kuwatazama. Nendeni siku moja kabla, mkamwone muuguzi wa zamu, mumuulize wodi gani ina uhitaji na muda gani unafaa. Pelekeni sabuni, mafuta ya kupaka, kanga na nepi kwa wodi ya wazazi. Msipeleke chakula kilichopikwa bila kuuliza, kwa sababu kuna wenye kisukari na waliotoka kufanyiwa upasuaji. Nendeni wachache, msipige picha za wagonjwa. Na wauguzi wanaokesha usiku huo wa Noeli, wapelekeeni chupa ya chai na vitumbua.

Bahasha

Siku ya shukrani, kabla wageni hawajafika, baba na mama watenge bahasha mbili: moja ya pembejeo na palizi, moja ya shule. Elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne ni bila ada tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na begi bado ni vya mzazi, na aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza anahitaji vyote kwa pamoja. Bahasha hizo zikae kwa bibi, au kwenye simu ya mtu asiyependa kukopesha. Kinachobaki nje ya bahasha ndicho cha Krismasi, kiwe kikubwa au kidogo, na watoto waambiwe hivyo waziwazi. Tarehe 26 nayo ni sikukuu, mlale. Tarehe 27 mahindi yanasubiri palizi, na wageni wote wenye mikono wapewe majembe.